KUFUNGA TRELA SI KAZI YA KUBAHATISHA

(Maneno ya Mhariri)

Ndugu wanachama,

Mara nyingi ukurasa huu wa kwanza huwa ni wa mshahara, masaa ya kazi na posho ya safari. Mambo hayo hatujayaacha. Lakini safari hii twataka kusema juu ya kazi ambayo huchukua robo saa tu, na katika robo saa hiyo mtu aweza kupoteza mguu, mkono au maisha yake. Kazi yenyewe ni kufunga kichwa cha lori na trela.

Najua wako watakaosema, "Hilo twalijua tangu zamani." Ndugu hao twawaomba wasome mpaka mwisho, kisha wajiulize kama wanavyojua ndivyo wanavyofanya.

Twaanza na habari ya kijana mmoja. Jina lake hatulitaji, na yadi aliyokuwa akifanya kazi hatuitaji, kwa kuwa shauri lake bado halijakwisha. Alikuwa taniboi, umri wake miaka ishirini na kitu. Usiku mmoja, yapata saa tatu, dereva wake aliingiza kichwa chini ya trela, akasikia mlio wa kufuli, akashuka. Hakuvuta breki ya mkono, maana aliona trela imeshika na gari halisogei. Kijana akapanda nyuma ya kabini, akaunganisha mpira mwekundu wa upepo. Mara trela ikaachia breki zake. Yadi ile ina mteremko. Gari zima, kichwa na trela, likaanza kutembea bila mtu ndani. Kijana akaruka, akateleza, na gurudumu la nyuma la kichwa likapita juu ya mguu wake. Mguu huo ulikatwa chini ya goti.

Siku ya pili karatasi ya ripoti ilijazwa ofisini. Mahali pa kuandika sababu ya ajali paliandikwa maneno matatu: "Uzembe wa mfanyakazi." Mkubwa mmoja alipoulizwa na mjumbe wetu alijibu, "Ajali haina kinga."

Ndugu, methali hiyo ni ya wazee wetu nasi twaiheshimu. Mtu akipigwa na radi njiani, tutasema ajali haina kinga. Lakini gari lililoegeshwa mahali penye mteremko, bila kabari, bila taa, na watu wawili ambao hakuna hata siku moja walikaa chini wakafundishwa kazi hiyo, je, hilo nalo ni radi? Ajali hii ilikuwa na kinga. Ilikuwa na kinga tano au sita, na kila moja ni ya bei ndogo kuliko tairi moja la lori. Hakuna hata moja iliyowekwa.

Tujiulize kwanza: sisi tulijifunzaje? Wengi wetu tulianza kama taniboi. Tulimtazama dereva, na dereva yule alikuwa amemtazama dereva mwingine. Aliyefundishwa vizuri alipata bahati, na aliyefundishwa vibaya alirithi ubaya pasipo kujua. Leseni ya daraja la CE yatupa ruhusa ya kuendesha lori na trela barabarani. Lakini kufunga na kufungua hufanywa gizani yadini, mbali na macho ya mtahini, na mara nyingi na kijana ambaye leseni hiyo hana.

Na chombo chenyewe si mchezo. Nyuma ya kabini, juu ya chesisi, iko ile sahani nzito ya chuma yenye mdomo uliogawanyika, ambayo Waingereza huiita gurudumu la tano ingawa haizunguki barabarani. Ndani ya sahani mna taya za chuma. Chini ya pua ya trela iko kingipini. Katika trela nyingi unene wa pini hiyo ni inchi 2, na katika nyingine inchi 3 na nusu. Gari la ekseli saba laruhusiwa kufika tani 56 katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Basi fikirini: mzigo wote ulioko nyuma, kutoka Changamwe mpaka Malaba na kurudi, kupanda Timboroa na kushuka Salgaa, wavutwa na pini ya inchi 2 iliyoshikwa na taya ambazo dereva akiwa amekaa kitini hawezi kuziona. Zikishika nusu, hakuna atakayejua mpaka kwenye tuta la kwanza au kona ya kwanza. Hapo trela huteleza peke yake, na anayekuja mbele ni mama na watoto wake ndani ya matatu.

Kwa hiyo tumekaa na madereva wa miaka mingi, tumesikiliza, na twaandika hapa utaratibu ambao twataka kila mwanachama aushike. Karatasi hii ikateni, muiweke kabini.

1. MAHALI. Fungia mahali palipo sawa na pagumu. Kama pana mteremko au matope, sema kabla hujaanza.

2. TRELA KWANZA. Kabla ya kuleta kichwa, nenda kwa miguu mpaka kwenye trela. Hakikisha breki ya kuegesha ya trela imewekwa, kwa kitufe kilicho ubavuni mwake. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Tazama miguu ya trela kama imesimama imara. Usitegemee ule upepo unaoshika breki mpira mwekundu ukitolewa. Upepo si kabari. Katika trela nyingine upepo huvuja usiku kucha, na asubuhi hakuna kinachoshika. Na hata ukiwa umeshika vizuri, siku utakapounganisha mpira mwekundu, wewe mwenyewe ndiye unayeziachia breki hizo kama kitufe hakikuvutwa. Hiyo ndiyo siri iliyochukua mguu wa kijana wetu.

3. SAHANI NA PINI. Tazama sahani: ina grisi? Taya ziko wazi? Bolti zote zipo? Imeinama kidogo kwa nyuma ili ipokee trela? Tazama kingipini: imepinda, imelika, ina ufa? Ukiona ubaya, usifunge.

4. KURUDI NYUMA. Panga kichwa sawasawa na trela, katika mstari mmoja. Ukirudi kwa pembeni waweza kusukuma trela na kuvunja miguu yake. Asiwepo mtu hata mmoja kati ya kichwa na trela. Taniboi asimame ubavuni, mahali dereva anapomwona kwenye kioo. Dereva asipomwona mwenzake, asimame papo hapo. Asiendelee kwa kudhani.

5. SIMAMA KABLA YA KUGUSA. Vuta breki ya mkono, shuka, tazama kimo. Trela yafaa iwe chini kidogo tu ya usawa wa sahani, ili sahani ikiingia iinyanyue kidogo. Trela ikiwa juu mno, pini yaweza kukaa juu ya taya badala ya kuingia ndani, au ikapita kabisa na trela ikavunja kabini. Ikiwa chini mno, kichwa kitaigonga pua yake. Kimo chatengenezwa kwa kuzungusha hendeli ya miguu. Hakitengenezwi kwa kuongeza mwendo.

6. INGIA POLEPOLE mpaka usikie kufuli. Lakini mlio si ushahidi. Kijana wetu naye aliusikia.

7. VUTA KUJARIBU. Breki ya trela ikiwa bado imeshika, weka gia ya chini, vuta mbele kwa upole. Kichwa kikizuiliwa, simama, kisha vuta tena mara ya pili.

8. BREKI YA MKONO, KISHA SHUKA. Kabla mguu wako haujagusa ardhi, breki ya mkono ya kichwa iwe imevutwa. Zima injini, ufunguo tia mfukoni. Sasa chukua tochi, inama, tazama kwa macho yako. Kati ya sahani na bamba la trela pasiwe na nafasi ya mwanga kupita. Taya ziwe zimeshika shingo ya pini, si kichwa chake. Mkono wa kufungulia uwe umerudi ndani kabisa, na klipu yake ya usalama iwe mahali pake. Ukiona mwanga kati ya sahani na trela, fungua, anza upya.

9. MIPIRA NA WAYA. Sasa tu ndipo uunganishe mipira ya upepo na waya wa taa. Katika magari mengi mwekundu ndio unaolisha trela upepo, na wa manjano ndio wa breki za mguu. Sikiliza kama pana mahali panapovuja. Mipira isiburute wala isikwaruze chuma.

10. MIGUU NA MWISHO WA KAZI. Pandisha miguu ya trela mpaka juu kabisa, na hendeli uifunge mahali pake. Kama ni konteina, zitazame kufuli zake za pembe nne. Jaribu taa zote na breki. Halafu ondoa kabari, achia breki ya kuegesha ya trela, na uende kwa amani.

Na kufungua nako ni kazi. Wako waliofunga vizuri wakaumia siku ya kufungua. Chagua mahali pagumu. Weka breki ya mkono ya kichwa na breki ya kuegesha ya trela, tia kabari. Teremsha miguu mpaka ibebe uzito, na kama ardhi ni laini, au lami imelainika kwa jua la mchana, weka mbao nene chini ya miguu. Toa mipira na waya. Vuta mkono wa kufungulia taya ukiwa umesimama ubavuni, usiingie chini ya trela. Kisha peleka kichwa mbele polepole, na usimame wakati chesisi bado iko chini ya pua ya trela. Shuka, tazama kama miguu imevumilia. Ikiwa itavunjika, trela itaangukia chesisi, haitaanguka chini na mtu karibu nayo. Ukiridhika, ondoka.

Utaratibu wote huu, mtu aliyezoea huumaliza kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Hatusemi jambo lisilowezekana.

Sasa twataka kusema na sisi wenyewe, maana Chama kisichojisema hakiwezi kumsema mtu mwingine.

Ndugu dereva, umemcheka mara ngapi mwenzako anayeshuka na tochi? Umemwita mwoga, umemwita mwanafunzi. Yule unayemcheka huenda amezika rafiki. Na wewe unayempa taniboi ufunguo akufungie trela wakati wewe umekwenda kula, unampenda kijana huyo au unamchimbia kaburi? Yeye hatakataa. Anataka kujifunza usukani, na ajua kwamba akikataa utamtafuta mwingine langoni kesho asubuhi. Kijana ni amana mikononi mwako. Mfundishe mchana, wewe ukiwa pembeni, hatua moja baada ya nyingine, mpaka aweze kukueleza sababu ya kila hatua. Anayejua jinsi ya kufanya bila kujua sababu, siku akiwa na haraka ataruka hatua.

Nawe kijana taniboi, usiingie kati ya kichwa na trela mpaka umeuliza, "Breki ya mkono imevutwa?" na umejibiwa. Kuuliza si utovu wa adabu. Dereva wa kweli hakasiriki akiulizwa.

Kwa upande wa matajiri, maneno yetu ni haya. Mwasema dereva ni mzembe. Lakini ni nani anayemlipa dereva kwa safari, ili kila robo saa anayoipoteza yadini aione kama imetoka katika chakula cha watoto wake? Ni nani anayempigia simu mara tano akiuliza, "Bado hujatoka?" Ni nani aliyeweka yadi mahali penye mteremko, akanunua malori mapya, akakosa kununua kabari? Twasema bila kuficha: haraka inaanzia ofisini, na damu inamwagika yadini.

Twaomba, na yasipotimizwa kwa kuombwa tutayadai mezani:

(a) Kila dereva na kila taniboi afundishwe kufunga na kufungua trela na mtu anayejua, katika saa za kazi na kwa mshahara wa kawaida, kabla hajaachiwa kazi hiyo.

(b) Yadi zisawazishwe na ziwekewe taa za kutosha.

(c) Kila lori liwe na kabari zake, tochi na jaketi ya kumetameta, na visikatwe katika mshahara wa mtu.

(d) Sahani, pini na mipira ikaguliwe kwa siku zilizopangwa, na dereva akiandika ubaya katika kitabu ajibiwe kwa maandishi.

(e) Mtu asiadhibiwe kwa kukataa kufunga trela mbovu.

Madai hayo si zawadi tunayoomba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi awape wafanyakazi maarifa, mafunzo na usimamizi unaohitajiwa kwa usalama wao. Sheria hiyo yasema tena kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu aripoti kwa msimamizi wake, na mwajiri asimrudishe mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Wala asimfukuze mtu kwa sababu ya kulalamika juu ya usalama. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Tuulizane: katika yadi yako kamati hiyo iko? Ilikutana lini? Au ni majina tu yaliyobandikwa ukutani?

Na juu ya neno lile "uzembe," wanachama walijue hili. Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini, nayo ya mwaka 2007, haimnyimi mtu fidia kwa kuwa mkubwa ameandika neno hilo kwenye karatasi. Inayozungumzwa na sheria ni kosa la makusudi, na hata hilo halifuti haki pale ambapo mtu amekufa au amepata ulemavu mkubwa. Kwa hiyo ukiumia, au mwenzako akiumia, toa habari kwa mwajiri mara moja, na ni vizuri iwe kwa maandishi. Mwajiri naye ana siku 7 tangu kupata habari kuipeleka kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Chukua nakala. Andika majina ya walioona. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa, hata ukiahidiwa kwamba utasaidiwa hospitali. Njoo kwanza katika ofisi ya Chama. Madai yasiachwe kupita miezi 12.

Kijana tuliyeanza naye alikaa kitandani bila kujua mambo haya. Mama yake alikuja ofisini kwetu na karatasi ile mkononi, akauliza kama ni kweli mwanawe ndiye aliyejikata mguu mwenyewe. Hatukuwa na jibu fupi la kumpa. Tulimwambia tu kwamba neno lililoandikwa na mtu mmoja si hukumu, na kwamba Chama kitasimama naye. Karani wetu aliandika barua siku ile ile.

Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli na wa kazi nyingine nyingi, waliweka kazi chini pamoja, kwa kuwa walikuwa wamekubali neno moja: shida ya mmoja ni shida ya wote. Hatukuitishi mgomo leo. Twaitisha jambo dogo kuliko mgomo, ambalo labda ni gumu zaidi, maana latutaka sisi wenyewe tubadilike. Kila tawi lichague madereva wawili wanaojua kazi vizuri, wawafundishe wenzao yadini, mmoja baada ya mwingine, kwa karatasi hii. Kila katibu wa tawi alete kwenye mkutano ujao orodha ya yadi zisizo na kabari, zisizo na taa na zisizo na kamati. Tukikaa mezani na matajiri tuwe na orodha mkononi, si manung'uniko.

Na usiku wa leo, ndugu, wewe utakayesimama na kichwa mbele ya trela ukisikia simu inalia mfukoni, iache ilie. Vuta breki ya mkono. Shuka na tochi. Mzigo ukichelewa robo saa utafika. Mguu uliokatwa haurudi.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
MHARIRI, kwa niaba ya Kamati